Mji Aliopewa Hezekiah

Wiki iliyopita tulimwacha Hezekiah Kosgei juu ya gari la sinema la serikali, kipaza sauti mkononi, hana kazi ya ualimu, hana mchumba, na baba yake amemwambia asikanyage tena Rongai. Ualimu aliupoteza kwa kuigiza sauti ya mkaguzi wa shule huku mkaguzi mwenyewe amesimama mlangoni. Sauti iyo hiyo ndiyo iliyompatia kazi nyingine: kuzunguka mashamba ya Nakuru akitegea watu vitendawili kabla ya picha kuonyeshwa.

Alidhani balaa limekwisha. Kumbe lilikuwa limekaa kitako linamsubiri.

Wengi mlimjua uzeeni, kwenye televisheni, na mvi zake na lile koti la mirabaraba. Mshindani akishinda, mzee alicheka hadi miwani ikateleza. Mshindani akishindwa, alitoa jibu upesi upesi, kama mtu anayefunga dirisha baridi isiingie, kisha akaita mwingine. Hakuwahi kusema "Nipe mji." Watazamaji waliandika barua magazetini kumlaumu kwamba ameua mila ya vitendawili. Hakuwajibu.

Jibu lake ni hili hapa.

Mwaka ni elfu moja mia tisa hamsini na nne. Hali ya Hatari imetanda. Askari kila njia panda, na Mkikuyu hawezi kuvuka kutoka shamba moja hadi jingine bila pasi. Lakini Jumamosi gari la sinema likifika, watu wanatoka laini zote za wafanyakazi wakiwa wamevaa safi, kana kwamba ni Krismasi.

Juu ya gari walikuwa wawili. Hezekiah alisema, na Gachanja alipiga kodiani. Walikuwa wamesoma darasa moja, wakalala bweni moja, wakachapwa fimbo kwa makosa yale yale. Mmoja Mkalenjin, mwingine Mkikuyu, na watu wakawaita Chai na Maziwa. Nani alikuwa chai na nani maziwa, hapo ndipo kelele zilipoanza.

Mchezo wao ulikwenda hivi. Hezekiah anatega. Ukijibu, unapewa kipande cha sabuni au sukari iliyofungwa kwenye gazeti. Mkishindwa wote, anawaambia, "Nipe mji!" Nanyi mnampa mji.

"Nairobi!"

"Sitaki, kuna vumbi."

"Kisumu!"

"Haya, Kisumu nakubali."

Hapo Gachanja anavuta kodiani, anapiga mdundo wa safari, na Hezekiah anatembea papo hapo juu ya gari akipunga mkono.

"Nilikwenda Kisumu. Nikakaribishwa. Nikala samaki mpaka wa mwisho akaniomba msamaha. Nikaapa sitarudi kwetu. Lakini kwa kuwa nawapenda, nimerudi kuwapa jibu."

Ndivyo ilivyokuwa kila wiki. Mji ulibadilika, chakula kilibadilika, ila maneno yalibaki yale yale. Alikwenda, akakaribishwa, akala, akaapa, akarudi. Watu waliyajua kama sala.

Jumamosi ya balaa walikuwa kwenye shamba la pareto la mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Kofia Mbili. Mama yake Gachanja, Wachuka, alikuwa mchumaji pale. Alikaa mbele kabisa na shuka yake mpya, akimtazama mwanawe kama vile ndiye aliyevumbua kodiani.

"Kitendawili!" akaita Hezekiah.

"Tega!"

"Binti yangu mweupe, hapigi wala haumi, lakini nzi akimkaribia anakufa!"

Wakajaribu. Maziwa. Sumu. Mke wa Kofia Mbili. Hapo kicheko kikapasuka, na nyapara akajifanya hakusikia.

"Mmeshindwa! Na mnamchuma kila siku! Nipe mji!"

Kabla mtu yeyote hajataja Nairobi, Wachuka akasimama.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana yote yaliyofuata yametoka kwenye neno hili moja. Wachuka hakukulia kwenye Kiswahili. Hakuwa amewahi kufika mjini ila mara chache, na kwake mji haukuwa Kisumu wala Mombasa. Kwa lugha yao kuna neno linalofanana nalo sana, na maana yake ni nyumbani: boma, moto unaowaka, mama aliye jikoni. Yeye alisikia kijana aliyelelewa pamoja na mwanawe akiomba nyumba ya kumpokea. Nani atamnyima?

Wa kwake hakuwa nao. Boma lake lilibomolewa mwanzoni mwa mwaka ule, watu walipokusanywa laini, naye sasa alilala chumba kimoja na wanawake wengine. Basi akampa wa binti yake.

"Chukua mji ya Njoki!" akasema kwa sauti. "Njoki wangu, kule juu karibu na msitu. Enda, mwana wangu. Atakupikia."

Watu wakacheka kwa upendo. Gachanja naye akacheka, akavuta kodiani. Na Hezekiah, ambaye ulimi wake siku zote ulikimbia mbele ya kichwa chake, akaanza safari.

"Nilikwenda kwa Njoki! Nikakaribishwa. Nikakuta watu wamejaa tele. Wakanichinjia mbuzi. Njaa ilinishika, sikungoja iive, nikala mbichi! Nikaapa..."

Kodiani ikakatika.

Hezekiah akageuka kumtazama rafiki yake. Uso wa Gachanja ulikuwa umekwisha rangi.

Chini, hakuna aliyekuwa akicheka. Mama mmoja alishika mtoto wake, akaanza kurudi nyuma taratibu. Pembeni, mahomgadi wawili, wale askari mgambo wa serikali, waliokuwa wameegemea bunduki walisimama wima.

Nyama mbichi. Watu wamejaa. Ukingoni mwa msitu. Nikaapa.

Kila mtu pale alijua maneno hayo yalitaja nini. Siku hizo mtu aliyeshikwa kwa kuwalisha wenzake kiapo cha waasi wa msituni alinyongwa.

"...nikaapa sitarudi," akamalizia Hezekiah, kwa sauti ndogo. "Jibu ni pareto."

Hakuna aliyepiga makofi.

Gari lilipofika barabara ya lami, Gachanja akamgeukia.

"Umesema nini pale, Hezeki?"

"Nimesema ninachosema kila siku!"

"Kila siku huli nyama mbichi."

"Ilinitoka tu, bwana. Ni mchezo. Kila mtu anajua ni mchezo."

"Wewe ukisema, ni mchezo," Gachanja akasema. "Ni wewe umesema, lakini mji ni wa dada yangu."

Jumatatu Njoki alichukuliwa. Walimkuta akikamua mbuzi. Mbuzi naye alichukuliwa, kama ushahidi.

Jumanne Hezekiah akaitwa ofisini.

Afisa aliyeshughulikia mambo hayo aliitwa Bwana Harcombe. Alikuwa kijana, mgeni kabisa, bado ngozi ya pua inambambuka kwa jua la Nakuru. Kiswahili alikuwa hajui ila cha kuagiza chai. Kando yake alisimama Masinde, mkalimani, mtu wa makamo kutoka upande wa Bungoma, viatu vyake vinang'aa kuliko vya Bwana.

Hezekiah hakukaribishwa kiti, ila aliletewa chai. Hilo ndilo lililomtisha.

"Bwana anasema asante," Masinde akatafsiri.

"Asante ya nini?"

"Kwa ujasiri wako. Kusema hadharani uliyoyaona kwa yule mwanamke. Anasema wamemshuku muda mrefu, lakini hawakupata shahidi. Sasa wamepata. Tena mtu wa kabila lisilo na lawama."

Hezekiah akaweka kikombe chini.

"Mwambie sijawahi kufika kwa Njoki. Hata njia yake siijui!"

Masinde akasema. Bwana Harcombe akasikiliza, akatabasamu, akajibu maneno marefu.

"Anasema anaelewa unaogopa. Utalindwa. Anasema pia kuna watu Nairobi wanatafuta sauti ya kusoma habari kwenye redio, na sauti yako ameisikia. Serikali haimsahau shahidi wake."

"Na nikikataa?"

Hili Masinde hakulitafsiri. Alilijibu mwenyewe, akitazama dirishani.

"Ulisema ulikwenda, ukala, ukaapa. Ukisimama kama shahidi, ulikwenda kwa bahati mbaya. Ukikataa, ulikwenda kwa kupenda. Hakuna njia ya tatu, mwalimu."

"Masinde, ndugu yangu. Wewe umekua kwenye vitendawili kama mimi. Huijui 'Nipe mji'?"

"Naijua sana."

"Basi mbona hukumwambia?"

Masinde akashusha sauti.

"Aliniuliza ulisema nini. Nikamwambia ulisema nini. Hakuniuliza ulimaanisha nini. Mimi hapa, kama sijaulizwa, sisemi. Ndiyo maana bado niko hapa."

Hezekiah akakisukuma kikombe kando. Kisha, kama kawaida yake, ulimi ukatangulia.

"Mwambie aje aone."

"Aone nini?"

"Mchezo. Aje kwenye ukumbi wa starehe kule mtaa wa Bondeni, Jumamosi. Nitatega, watu watashindwa, watanipa mji, nitasema nilikwenda. Akiona nimekwenda Mombasa na miguu yangu iko Nakuru, atajua na kwa Njoki sikwenda."

Masinde akamgeukia Bwana wake. Halafu akatafsiri, na safari hii alitafsiri polepole.

Bwana Harcombe alifikiri huku akigonga meza kwa kidole. Kisha akasema.

"Amekubali," Masinde akasema. "Msichana ataletwa, akae mbele. Ukionyesha ni mchezo, anarudi kwake siku hiyo hiyo. Usipoonyesha, utasimama kortini useme uliyosema pale shambani, neno kwa neno. Na kitu kingine. Usimfundishe mtu yeyote cha kujibu. Ukumbi utakuwa na masikio. Aliyefundishwa atachukuliwa, na mchezo umekwisha."

Hezekiah alitoka pale karibu anacheka. Kuna kazi rahisi kuliko hiyo? Kila Jumamosi watu walishindwa, kila Jumamosi walimpa miji. Shida yao ilikuwa kunyamaza.

Alimkuta Gachanja nje ya chumba chao akipangusa kodiani ambayo haikuwa na vumbi. Akamweleza yote.

"Utaniona, bwana! Jumamosi jioni Njoki anakula kwake!"

Gachanja hakuinua kichwa.

"Unajua watu wanasema nini huko sokoni?"

"Wanasema nini?"

"Wanasema kuna Mkalenjin mwenye kipaza sauti. Ukimpa jina ya mahali, asubuhi askari wako hapo."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Serikali ilikuwa imepitisha neno kwamba watu waje, na siku hizo ukiambiwa uje, unakuja.

Mbele kabisa Bwana Harcombe alikaa, kofia magotini, Masinde nyuma ya bega lake. Upande wa pili, kati ya askari wawili, alikaa Njoki.

Alikuwa amekonda kwa siku chache tu. Hezekiah alimkumbuka alivyokuwa zamani, alipokuja shuleni kumletea kaka yake mahindi na maharagwe, na siku zote alimletea Hezekiah fungu lake mbali, akisema, "Hii ni ya yule mwenye mdomo." Sasa mikono yake ilikuwa mapajani, na hakumtazama.

Safu ya nyuma yake alikaa Wachuka. Kofia Mbili alikuwa amempa pasi ya siku moja.

Milango ikafungwa. Hezekiah akashika kipaza sauti.

"Kitendawili!"

"Tega," wakaitika. Ilikuwa kama kuitikia mazishini.

Akaanza na chepesi, wachangamke.

"Ana meno mengi, na chakula chake kiko kichwani!"

"Kitana!" ukumbi mzima.

"Vizuri! Sabuni kwa... sabuni kwenu nyote. Haya. Bibi yangu amejifunga shuka ya waridi. Ukipiga kofi moja, anabaki uchi!"

"Ziwa!" wakasema kabla hajameza mate. "Ziwa na ndege wake!"

Kitendawili hicho alikuwa amekitunga mwenyewe wiki ile, akitazama ndege wa rangi ya waridi pale ziwani wakiruka wote kwa mkupuo. Hakuna aliyewahi kukisikia.

Akafanya haraka kutega kingine.

"Kitendawili! Huyu anaingia nyumba zote kwa wakati mmoja, na kwake hajatoka!"

Vichwa vikainamiana. Watu wakanong'onezana kwa haraka, mstari hadi mstari, kama watu wanaopitisha ndoo za maji nyumba ikiungua. Mzee mmoja akasimama.

"Ni... ni redio, bwana. Sauti ya redio."

Pumzi ya watu wote ikashuka pamoja.

Hapo Hezekiah alielewa. Watu hawa, ambao tangu aanze kazi walishindwa huku wakicheka, leo hawakutaka kushindwa. Aliyeshindwa alidaiwa mji. Na mji, tangu wiki ile, haukuwa mchezo tena. Hofu ilikuwa imewatia akili ambayo hata yeye hakuwa nayo.

Bwana Harcombe akaegama kwa Masinde, akauliza kitu. Masinde akajibu kwa ufupi.

"Bwana anauliza," Masinde akaita, "safari ni saa ngapi?"

"Inakuja!" Hezekiah akajibu, akicheka kicheko cha mbao. "Safari inakuja!"

Akamwangalia Gachanja. Gachanja alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kodiani kifuani, amefumba macho.

Akatafuta kichwani kitendawili kigumu kuliko vyote, na kilichomjia hakukitafuta, kilikuja chenyewe.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nilimfungulia mlango mwenyewe, akatoka. Tangu hapo namwita, harudi."

"Ng'ombe!" mtu akapiga kelele.

"Sio."

"Mke!"

Siku nyingine wangegaragara kwa kicheko. "Sio."

"Moshi! Ujana! Pumzi!"

"Sio. Sio. Sio."

Walijaribu mpaka sauti zikakauka. Hezekiah alimwona Gachanja akifumbua macho. Gachanja alikuwa amelipata jibu. Jibu lilikuwa neno, neno lililokwisha kusemwa. Lakini Gachanja hakuwa mshindani, akanyamaza.

"Mmeshindwa," akasema Hezekiah. Alipaswa kulisema kwa kelele, likatoka kwa upole. "Nipe mji."

Hakuna.

"Nipe mji! Hata mmoja! Nairobi? Nani ananipa Nairobi?"

Kila aliyemtazama aliangalia sakafu. Kijana mmoja wa reli, mtu aliyezoea kumpa Mombasa kila wiki kwa sababu alitaka sana kufika huko, aliziba mdomo kwa kofia yake.

"Jamani. Nyinyi mnanijua. Mimi ni Chai." Akajaribu kucheka. "Au Maziwa. Nipeni mji, tafadhali."

Mahali fulani nyuma mtoto akaanza kulia, akanyamazishwa.

Bwana Harcombe akavaa kofia yake. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu ambaye hesabu yake imetoka sawasawa. Akawaashiria askari, nao wakamshika Njoki mabegani ili ainuke.

"Mimi nakupa!"

Ilikuwa sauti ya Wachuka.

Alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye benchi. Shuka ile mpya hakuwa nayo tena. Hezekiah aliiona mabegani mwa Njoki.

"Mama, kaa chini," Gachanja akasema kutoka jukwaani. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

"Sikai. Kijana ameomba mji, watu wamemnyima. Mimi nakupa yangu. Mji ya Wachuka."

"Mama Gachanja," Hezekiah akasema, "wewe huna mji. Walibomoa."

"Walibomoa nyumba. Mahali iko." Akamtazama usoni, na macho yake hayakuwa ya mtu asiyeelewa Kiswahili. Safari hii alielewa kila kitu. "Enda huko, mwana wangu. Sema ulikula kwangu. Sema yote uliyosema, sema ni mimi. Yule mtoto umwache."

Njoki akageuka. "Maitu! Mama!" akalia, na askari akamkalisha tena.

Masinde alikuwa akinong'ona sikioni mwa Bwana Harcombe. Bwana Harcombe alimtazama yule mama, kisha binti, kisha akavua kofia tena na kuiweka magotini. Akasema neno moja.

"Endelea," Masinde akatafsiri.

Hezekiah alipima maneno yake.

Akisema "Nilikwenda kwa Wachuka," mama anakwenda badala ya binti, na huenda wakaenda wote wawili. Asiposema, hakuna mchezo, na kesho yeye mwenyewe anasimama kortini kumfunga kamba Njoki shingoni. Njia ya tatu haikuwepo. Masinde alikwisha kumwambia.

Ndipo akasikia kodiani.

Gachanja alikuwa ameanza mdundo wa safari. Polepole, kwa vidole vigumu, huku machozi yanamdondokea kwenye vifungo vya kodiani. Hakumtazama mama yake wala dada yake. Alimtazama Hezekiah, kama walivyotazamana zamani darasani mmoja alipokuwa hajui jibu.

Mdundo ule ulikuwa na maana moja tu. Ondoka. Nenda popote, lakini ondoka.

Miguu ya Hezekiah ikaanza kutembea papo hapo. Mkono ukapunga.

"Nilikwenda," akasema, na kipaza sauti kikalibeba neno hilo hadi barabarani. "Nilikwenda Milimani!"

Hakuna aliyekuwa amempa Milimani. Mtaa ule wa wazungu, wa miti na bustani, hakuna mtu ukumbini aliyewahi kuingia huko ila kwa mlango wa jikoni.

"Nilikwenda Milimani, kwa Bwana Harcombe mwenyewe! Nikakaribishwa!"

Aliposikia jina lake, Bwana Harcombe aliinua kichwa.

"Nikakuta watu wamejaa tele! Bwana akanichinjia mbuzi. Njaa ilinishika, sikungoja iive, nikala mbichi! Nikaapa! Mbele ya Bwana Harcombe, nyumbani kwake, nikaapa sitarudi kwetu!"

Neno kwa neno, kama pale shambani.

Kodiani ikanyamaza. Mtu mmoja, Hezekiah hakuwahi kujua ni nani, alitoa kicheko kifupi kama chafya, akakimeza.

Bwana Harcombe alisimama. Pua yake iliyobambuka ilikuwa nyekundu. Mkono wake ulikuwa mkandani, mahali bastola ilipolala. Hakumtazama Hezekiah. Alimgeukia mkalimani, akauliza kwa utulivu, na hata aliyekuwa hajui Kiingereza alijua anauliza nini.

Amesema nini?

Masinde alipiga hesabu.

Akisema maneno kama yalivyosemwa, amemshtaki Bwana wake mbele ya ukumbi mzima kwamba analisha watu kiapo Milimani. Akisema ni mchezo, Bwana atamuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu Jumanne.

Bwana Harcombe akauliza tena, kwa sauti ya juu.

Masinde akatoa leso, akapangusa midomo. Viatu vyake vinavyong'aa vilikuwa vimegeuka kidogo kuelekea mlangoni, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

"Umenimaliza, Kosgei," akasema kwa Kiswahili, taratibu, karibu kwa urafiki.

Kisha akamgeukia Bwana, akafungua kinywa. Alichosema, mtakisikia wiki ijayo.